Mlezi Mwenye Madoa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiazimana chumvi na kusengenyana uani, alikuwako Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga sita. Mimi simsemi mtu, wajukuu zangu, lakini Bi Kanga alipenda vya kupendeza. Hata kuni alichagua zilizonyooka.

Siku moja dada yake alikuwa anamwoza binti yake, naye akaombwa akapike. Watoto atamwachia nani?

Jirani yake Nungunungu akaja, miiba inalia kwacha, kwacha. "Nenda tu, jirani. Mimi nipo."

"Wewe? Na miiba hiyo? Utanitobolea watoto macho. Na watu watasema nini, Bi Kanga kaacha wanawe kwa kichaka kinachotembea?"

"Hata kichaka kina kivuli, jirani."

Mara Chui akapita kwa madaha, ngozi inang'aa. Bi Kanga akamtazama, kisha akajitazama. Madoa kwa madoa.

"Huyu ni wa kwetu kabisa," akasema.

"Niachie mimi, dada," Chui akajibu kwa sauti ya taratibu. Akainamia tenga walimolala vifaranga. "Watoto wazuri. Wamenona."

Nungunungu akalisikia neno lile, likamkaa rohoni. Mlezi huuliza watoto wanakula nini. Huyu ameangalia mapaja. Lakini angesema, angeambiwa ana wivu. Akajibanza kando, akatazama.

Bi Kanga alipoondoka tu, Chui akaenda mtoni kunawa.

"Kunawa?" Nungunungu akajisemea. "Huyu amekuja kulea au kula?"

Akawaamsha vifaranga. "Haya, wanangu, twende shimoni kwangu. Kimya kimya."

Alipowaficha akarudi mbio, akajikunja ndani ya tenga, akajifunika leso ya Bi Kanga. "Chiu, chiu," akalia kwa sauti nyembamba.

Chui akarudi, mikono inachuruzika maji. Akatazama huku, akatazama kule. Akafumba macho kwa utamu, akazamisha mdomo.

Chwaa!

"Mama yangu weee!"

Wakati huohuo Bi Kanga akaingia. Alikuwa amesahau upawa wake, na bila upawa wake hapiki. Akamkuta Chui midomo imejaa miiba kama mto wa sindano.

"Kulikoni?"

"Ni-nilikuwa nawafunika, dada."

"Unafunika watoto kwa meno?"

Basi upawa ule ulianza kazi kabla haujafika arusini. Ko, ko, ko, mpaka mtoni.

"Na wanangu?" Bi Kanga akauliza aliporudi.

"Njoo," akasema Nungunungu, akitoka ndani ya tenga.

Walipofika shimoni, Nungunungu akalala ubavu. Vifaranga wakamkimbilia, wakajisokomeza tumboni kwake. Huko hakukuwa na mwiba hata mmoja. Bi Kanga akanyoosha bawa, akagusa. Laini kama sufi.

"Kumbe uko hivi, jirani? Miaka yote hii?"

"Miaka yote. Ila wewe ulikuwa unaniangalia mgongo. Haya, chukua upawa wako, wali wa watu unakungoja."

Akaenda arusini, na safari hii hakugeuka nyuma.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu: mtu mpimeni kwa moyo wake, ngozi kila mmoja amezaliwa nayo tu.