Msabila na Udongo wa Nyamunyu

Paukwa!

Pakawa!

Mlio mbali?

Tumesogea!

Mlio karibu?

Tumenyamaza!

Basi nyamazeni vizuri, maana hadithi hii ni ya kulamba, na anayelamba hasemi.

Zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiuliza na kujibiwa, palikuwa na mwindaji aitwaye Msabila. Mkewe aliitwa Nyanzala, na binti yao Nkwimba, kwa hiyo wao wenyewe waliitana Baba Nkwimba na Mama Nkwimba. Mume aliwinda. Mke alipika chumvi.

Chumvi ilitoka katika uwanda uitwao Nyamunyu, mwendo wa kutwa kutoka kijijini. Kila kiangazi wanawake walikwenda huko. Walikwangua udongo, wakautia katika chungu chenye matundu chini, wakamwagia maji. Maji yalichuruzika, wakayachemsha katika chungu kingine mpaka yakakauka, na chungu hicho kikabaki na chumvi. Kwa chumvi hiyo walipata jembe, walipata mtama, walipata nguo.

Lakini Nyamunyu ni pana, na udongo wake wote ni mweupe. Ulio na chumvi na usio na chumvi hufanana kama mapacha. Ni nani aliyewaonyesha wanawake mahali pa kukwangua? Wanyama. Walikuja kulamba. Walifukua kwa kwato na pembe, na wanawake wakafuata nyuma yao wakakwangua hapo hapo.

Palikuwa na desturi. Wanaume waliosindikiza wake zao walilegeza kamba za pinde zao na kuzilaza chini ya mti wa mninga ulio ukingoni mwa uwanda. Wanyama walisimama mbali wakauliza:

"Upinde umelala?"

Wanawake wakajibu:

"Umelala!"

Hapo wote walishuka, watu na wanyama, na hakuna aliyemwogopa mwenzake. Neno hilo halikuwahi kusemwa kwa uongo.

Sasa Msabila alianza kuzeeka, na uzee ulimwingilia magotini. Kumfuata mnyama siku tatu porini hakuweza tena. Asubuhi moja alimwona pongo nyuma ya nyumba, analamba udongo ambao Nyanzala alikuwa ameumwaga baada ya kuuchuja. Nasema pongo, si swala. Wengi huwachanganya, lakini kila mmoja ana jina lake.

Msabila akatazama, akafikiri: "Ikiwa mnyama huifuata chumvi, mimi nimfuate mnyama kwa nini? Nitaileta chumvi hapa."

Akachukua kapu, akaenda Nyamunyu. Akaleta kapu la kwanza. Akaleta la pili. Akaleta la tatu. Akachimba shimo kando ya shamba lake la mtama, akalijaza udongo ule, na juu yake akajenga ulingo wa kujifichia.

Nyanzala akasimama, mikono kiunoni. "Baba Nkwimba, magoti yanayokataa kufuata nyama yamekubalije kubeba udongo?"

"Nabeba mara tatu, nipumzike miaka mitatu."

"Na wakikuuliza, utawajibu nini?"

"Mama Nkwimba, wewe pika chumvi yako."

Alfajiri ya kwanza alikuja Pongo. Alisimama mbali, akauliza:

"Upinde umelala?"

Msabila yuko juu ya ulingo, kamba imekaza, mshale uko mkononi. Akajibu:

"Umelala!"

Pongo akashuka, akalamba. Mshale ukamkuta ulimi ungali nje.

Alfajiri ya pili alikuja Kongoni. Alisimama mbali, akauliza:

"Upinde umelala?"

"Umelala!"

Kongoni akashuka, akalamba. Mshale ukamkuta ulimi ungali nje.

Alfajiri ya tatu alikuja Tandala, dume kubwa lenye mistari myeupe ubavuni na pembe zilizojisokota. Ndiye aliyetangulia kufukua Nyamunyu kila mwaka. Alisimama mbali, akauliza:

"Upinde umelala?"

"Umelala, mzee wangu! Shuka!"

Tandala akashuka. Akalamba mara moja. Akalamba mara mbili. Alipoinama mara ya tatu mshale ulitoka, lakini ulikwenda kombo, ukapasua sikio. Tandala akaruka mpaka ukingo wa shamba. Hakukimbia. Aligeuka, damu inamdondoka shingoni.

"Msabila, nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ulinijibu?"

"Nilikujibu. Lakini mzee, hapa si Nyamunyu. Hapa ni shambani kwangu."

"Neno ni lile lile," Tandala akasema. "Kule hujibiwa hivyo, na hapa umenijibu hivyo. Kesho mkeo akinijibu kule, nitajuaje?"

Akaingia porini.

Masika yakaja. Mvua ikapiga uwanda wa Nyamunyu, tope likafunika mashimo, nyasi zikaota juu ya tope. Kiangazi wanawake wakaenda na vyungu vyao. Wakasimama ukingoni, wakangoja kuulizwa. Hakuna aliyeuliza. Hapakuwa na unyayo wala alama ya pembe, ila weupe tu mpaka macho yanapoishia.

Siku ya kwanza walichimba, wakaonja. Udongo tu. Siku ya pili walichimba, wakaonja. Udongo tu. Siku ya tatu Nyanzala alionja mpaka ulimi ukachubuka. Wakarudi na vyungu vitupu.

Mwaka ule jembe halikupatikana. Mtama wa kununua haukupatikana. Na nyama ya Msabila? Ilikwisha zamani, na hakuna mnyama mwingine aliyeukaribia ulingo.

Nyanzala akamwekea mumewe mboga isiyo na chumvi. Siku ya kwanza Msabila alikula. Siku ya pili alisukuma bakuli. Siku ya tatu alisema:

"Mama Nkwimba, niliwadanganya."

"Najua. Nilikuwa nangoja unieleze mwenyewe."

"Nifanye nini?"

"Ulichobeba, kirudishe."

Msabila akafukua shimo lake. Akabeba kapu la kwanza mpaka Nyamunyu. Akabeba la pili. La tatu alilibeba kwa kutambaa nusu ya njia, na Nyanzala alimfuata na vyungu vyake kichwani. Kapu hilo la mwisho ndilo walilolichuja. Maji yalipokuwa tayari, kuni hazikutosha.

Msabila akaenda chini ya mti wa mninga, akauchukua upinde wake aliokuwa ameulaza hapo, akauvunja juu ya goti lile lile linalouma, akautia motoni.

Nyanzala akashika kichwa. "Baba Nkwimba! Tutakula nini?"

"Tutakula utakachopika wewe."

Maji yakakauka. Ikabaki chumvi ya kujaza kiganja kimoja. Nyanzala akaimwaga juu ya jiwe, wakakaa kando. Walikaa siku nzima. Walikaa ya pili. Siku ya tatu jua lilipochomoza, Tandala alisimama mbali, sikio moja limepasuka.

"Upinde umelala?"

Nyanzala alifungua kinywa ajibu, mumewe akamgusa bega. "Usijibu. Neno hilo nimeliharibu mimi." Akainua mikono yake miwili, mitupu, vidole vimetanuka. Kisha akaelekeza kidole kwenye majivu.

Tandala akaja polepole. Akanusa majivu, akaitambua harufu ya kamba iliyoungua. Akalamba chumvi mara moja, akainua kichwa, akaitazama mikono ya Msabila. Akalamba mara ya pili, akainua kichwa, akatazama. Akalamba mara ya tatu, akainua kichwa, akatazama.

Ndipo akatembea hatua mia moja ndani ya uwanda, akainamisha pembe, akafukua. Nyanzala akafuata, akaonja.

Alilia. Ilikuwa chumvi.

Wanyama walirudi Nyamunyu, lakini si wote. Watoto wa pongo hawakurudi, wala watoto wa kongoni. Na waliorudi hawakuuliza tena. Tangu siku ile mnyama alambaye udongo wa chumvi huinua kichwa kila mara na kutazama. Watu husema anasikiliza. Hasikilizi. Anatafuta mikono yako ilipo.

Hadithi inatufundisha hivi: umwitaye aje kula kwako ni mgeni wako, hata akiwa na pembe. Ukimdanganya mmoja, umelichafua neno ambalo wengine wote hulitumia, na kulisafisha ni kazi ndefu kuliko kubeba udongo.

Hapo ndipo chungu changu kimekaukia. Chumvi iliyobaki gawaneni, mtie katika mboga zenu. Isipowatosha, msinitume mimi Nyamunyu. Magoti ya Msabila nimeyarithi mimi.