Dole Gumba la Promota

Jumamosi bondia Shekue alizimishwa ulingoni, na hadi Jumatano alikuwa bado anamwita mkewe mama. Lakini promota Lukindo alikwishabandika matangazo ya pambano jingine Tanga nzima. Akamwendea nesi Mwanamkasi, mpimaji wa mabondia.

"Andika ni mzima. Ukikataa, kazi atapewa mwingine."

"Nani kakataa, bosi? Ila fomu inataka presha na dole gumba la aliyepimwa. Nikimpima Shekue, ataumbuka."

"Nipime mimi basi."

Lukindo akaandika jina la Shekue juu ya fomu kwa mkono wake, akapimwa, akachovya dole kwenye wino. Nesi akamsifu kwa moyo wa simba.

Siku ya pambano, mwamuzi alilinganisha madole na yale ya kwenye fomu kabla ya glavu, kama ilivyo ada. La Shekue likakataa.

"Nesi, ulimpima nani?"

"Yule mwenye suti," akajibu, akimpelekea Lukindo glavu. "Mzima kabisa, na aliyepimwa ndiye anayepigana."

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mpinzani akampungia Lukindo mkono. Promota akashika kichwa.

"Nesi, nina kizunguzungu. Naona watu wawiliwawili. Nikipigwa leo nitakufa."

"Sema taratibu, bosi, niandike."

Akaandika yote chini ya fomu ileile, akaongeza: asipande ulingoni miezi sita. Lukindo akatia saini mbiombio, akashusha pumzi. Ndipo macho yake yalipopanda juu ya fomu, akakutana na mwandiko wake mwenyewe: Shekue.