Uzio wa Siku Moja

Haya, sogeeni karibu. Leo nawaletea kesi, na hukumu mtaitoa ninyi wenyewe, maana mimi nimeshindwa, na aliyenisimulia alishindwa kabla yangu.

Palikuwa na watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza, Ombeni, alikuwa mchora ramani. Mkono wake ungekuchorea ghorofa kwenye uchochoro wa kutupia taka, nawe ukaanza kuulizia vyumba. Wa pili, Haikaeli, alikuwa na kipaji cha kukaa. Msicheke. Kukaa kwenye benchi la ofisi, ukaambiwa njoo kesho, ukaja, ukaambiwa tena njoo kesho, ukaja tena umevaa vizuri na hujanuna, si kazi ya kila mtu. Wa tatu alikuwa mwenyekiti wa mtaa, Lyatuu, ambaye angeweza kukuomba koti lako mvua ikinyesha, ukampa, na ukamshukuru kwa kulipokea.

Na alikuwapo Bibi Ndeonasia, ambaye kipaji chake kilikuwa macho tu. Kwa macho hayo aliwadharau wote watatu, na juu yao katika dharau hiyo alimweka mumewe.

Mumewe, Mzee Kundaeli, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anamwoza binti yao, Eliaichi. Wakwe walikuwa watu wenye uwezo. Mzee akaona sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, haiwezi kufanyika kwenye majani matupu, lazima wakwe waketi pembeni ya bwawa la kuogelea. Katika nyumba ile hakuna aliyejua kuogelea. Yeye mwenyewe alikuwa bado anaoga kwa ndoo.

"Nani ataogelea humo, Baba Aichi?" mkewe akamuuliza.

"Bwawa si la kuogelea, Mama Aichi. Ni la kuonekana."

Akachimba kwanza, ruhusa baadaye, kama wafanyavyo watu wa namna yake. Maafisa wa halmashauri wakaja, wakampigia alama ya X nyekundu ukutani, pale pale getini watakapopita wakwe. Wakamwachia na karatasi: bila kibali, shimo litafukiwa. Na kibali hakitoki mpaka bwawa lizungushiwe uzio wa kimo cha kifua, wenye mlango unaojifunga wenyewe, asije mtoto akatumbukia.

Bibi Ndeonasia aliisoma karatasi ile mara mbili. Katika mambo yote ya bwawa lile, hilo ndilo pekee ambalo hakulidharau. Alikuwa analea mjukuu, Manka, mtoto wa miaka miwili ambaye hakupata kuona mlango wazi asipite.

"Jenga huo uzio," akamwambia mumewe.

"Utaziba maji kwenye picha."

Bibi alimtazama, akajionea aibu kwa miaka thelathini na minane aliyompikia.

Basi Mzee akatangaza mbele ya kamati nzima ya sendofu: atakayeleta kibali kabla ya sherehe atalishwa kipande cha kwanza cha ndafu. Kwa msioijua, ndafu ni yule mbuzi mzima wa kuchomwa, anayeingizwa ukumbini amesimama na majani mdomoni. Kipande cha kwanza hupewa anayeheshimiwa kuliko wote, na siku hiyo mama mwenye nyumba ndiye angekata. Mtaani kwao kuna watu hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ya kipande kama hicho.

Ombeni akachora. Shimo lililokwisha kuchimbwa akalichora kana kwamba bado ni wazo. Uzio nao akauchora, na mlango wake. Bibi alipoitazama ile ramani aliona kwenye kona neno "kuku" limefutwa vibaya. Uzio ule ulitoka kwenye ramani ya banda. Lakini bila ramani, faili lisingefunguliwa.

Haikaeli akakaa. Alikaa siku kumi na moja. Siku ya nne aliambiwa faili halionekani, na siku ya saba akaliona mwenyewe, limewekwa chini ya birika la chai. Akalifuta, akalipeleka meza iliyofuata, akakaa tena. Kila jioni alipita kwa Bibi kueleza mgongo unavyomuuma, na kuuliza kama mbuzi ameshanunuliwa. Lakini bila yeye, faili lingekuwa kikalio cha birika mpaka leo.

Ukabaki ukaguzi, na uzio haupo. Hapo ndipo Lyatuu alipofungua mdomo. Alikwenda shule ya chekechea ya mtaa, akamwambia mwalimu kwamba uzio wa shule unapelekwa kupakwa rangi. Watoto wakachezea kando ya barabara siku nzima, na uzio wao ukasimamishwa kwa Mzee Kundaeli. Mkaguzi akaupima, ukatosha. Akausukuma, haukuanguka, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ameuegemea. Akafungua mlango, ukajifunga wenyewe, kwa msaada wa kisigino cha Mwenyekiti.

"Safi kabisa," mkaguzi akasema, akaandika.

Kibali kikatoka, X ikafutwa. Jioni uzio ukarudishwa chekechea, umepungua vipande viwili. Bwawa likajazwa maji mpaka juu.

Siku ya sendofu maua yalielea, wakwe walipiga picha, na Bibi Ndeonasia alimfunga Manka mgongoni kwa kanga tangu asubuhi. Mtoto alilia, akapiga mateke, akataka kushuka akashike maua. Bibi hakumshusha. Uzio wote wa nyumba ile ulikuwa kanga moja.

Ndafu ikaingizwa. Wale watatu wakajipanga mbele, na mabishano yakaanza hapo hapo, wakwe wakisikia.

"Bila mkono wangu mngepeleka nini?" akauliza Ombeni.

"Na bila makalio yangu ingefika wapi?" akajibu Haikaeli, bila haya.

"Mkaguzi alikuja kuona uzio," akasema Lyatuu. "Nani aliuleta?"

Mshereheshaji akamkabidhi Bibi kisu. "Mama, tunaomba mtoto ashuke kidogo, picha itoke vizuri."

Bibi akawatazama wote watatu, kisha maji, kisha mumewe aliyekuwa anatabasamu kwa wakwe. Akafungua fundo la kanga, akamshika Manka kwa mkono mmoja na kisu kwa mwingine.

"Baba Aichi aliahidi, nami sitaivunja ahadi yake mbele ya wakwe zangu," akasema. "Kipande cha kwanza kitatoka. Lakini nitakayemlisha ndiye nitakayemkabidhi mtoto huyu, amshike mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Akitumbukia, ni juu yake."

 Kisha Ombeni akakohoa. "Kwa kweli, mimi nilichora tu. Haikaeli ndiye aliyehangaika."

"Mimi? Mimi nilikuwa nimekaa tu! Mwenyekiti ndiye kila kitu."

"Jamani, uzio wenyewe ulikuwa wa chekechea," akasema Lyatuu. "Tumpe heshima yake mchoraji."

Mzee Kundaeli akajifanya anatengeneza tai. Binti yake, Eliaichi, akainamisha uso kwenye shada la maua. Mama mkwe akanyoosha shingo aone nani ataitwa.

Haya basi, wasikilizaji wangu. Ukimnyima yule aliyechora, faili lisingekuwapo. Ukimnyima aliyekaa, lingepotea. Ukimnyima aliyeuleta uzio, shimo lingefukiwa. Wote watatu wamestahili sawa, na wote watatu wamerudi nyuma hatua moja. Kisu kiko mkononi, ahadi imesikika, wakwe wanasubiri, na Manka ameshayaona maji.

Nyama ni ya mmoja, na mtoto ni wa huyo huyo. Je, wewe ungeamua vipi?