Karakana Iliyofagiliwa Lakini Haipo

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana mwisho nitauliza swali.

Mjini Tukuyu, marehemu Bi Asumwisye aliacha watoto watatu na karakana ya madawati iliyosajiliwa kama kampuni. Subilaga hatupi karatasi, hata iliyofungia sukari. Ambilikile anaweza kungoja mpaka benchi lichoke. Tumpe, kitinda mimba, haogopi kitu, jambo linalowaogopesha wenzake. Wosia ulikuwa mfupi: atakayeiokoa karakana ndiye mkurugenzi.

Mafundi walikuwa wamekaa miezi miwili bila kazi pale shule moja ya bweni ilipotaka madawati mia nne. Lakini ibara ya kwanza ya mkataba ilisema: “Muuzaji anathibitisha kuwa yupo kisheria na hana dosari kwa msajili.” Ambilikile akaenda ofisi ya usajili kuomba barua.

“Kampuni yenu haipo,” karani akamwambia. “Imefutwa. Miaka mitatu hamleti taarifa za mwaka.”

“Haipo vipi, mama, nami nimeifagia leo asubuhi?”

“Kufagia si kuwepo, baba.”

Kesho yake mwanasheria wa shule akapiga simu: wasaini kabla ya saa nne, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine; barua ya msajili inaweza kufuata jioni hiyohiyo. Tumpe akashika kalamu, akasaini kwamba kampuni ipo.

“Umesaini uongo!” Subilaga akamaka.

“Ni ukweli, dada. Umechelewa tu njiani.”

Subilaga akaingia uvunguni mwa kitanda cha mama yao, akatoka na utando wa buibui kichwani na taarifa zote tatu mkononi. Kila moja ilikuwa na muhuri wa kupokelewa, wa ofisi ileile iliyodai haikuletewa.

Ambilikile akazipeleka. Dirisha la kwanza likamtuma la tano, la tano likamrudisha la kwanza, akaambiwa mwenye muhuri kaenda msibani. Akaketi. Wenzake kwenye foleni wakasonya, wakaondoka mmoja mmoja. Dakika tano kabla ya kufunga, mwenye muhuri akarudi, akamkuta peke yake. Barua ikatoka: kampuni ipo, tena inahesabiwa kuwa haikuwahi kufutwa.

Sasa ibara ya pili ya mkataba inataka jina la mkurugenzi, na nafasi ni moja.

“Bila saini yangu, madawati yangekuwa ya mwingine,” akasema Tumpe.

“Bila karatasi zangu, saini yako ingekupeleka mahakamani,” akajibu Subilaga.

Ambilikile alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha mama, anangoja.

Mafundi wako mlangoni, randa mkononi. Haya, ninyi mnaocheka: kalamu ingekuwa yenu, mngeandika jina la nani?