Mlango wa Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba ya watu wawili: mmoja ana mlango, mwingine ana usingizi. Nani mwenye nyumba?

Wa mlango!

Nani mpangaji?

Wa usingizi!

Basi sogeeni. Hadithi hii hakuna anayeijua kunishinda mimi, na anayebisha asimame atuambie yeye anakaa kwa nani.

Hapo zamani Bwana Fisi alikuwa na shimo la kupangisha. Msidhani alilichimba. Aliyelichimba ni Muhanga, Muhanga akahama, Fisi akajiita mwenye nyumba. Wapo hata leo, msiangaliane.

Mpangaji wake alikuwa Mama Ngiri na watoto wake. Walipatana mbele ya Mjumbe Kobe. Kobe alipewa ujumbe kwa sababu hajawahi kupanga wala kupangisha. Nyumba yake anatembea nayo, hana upande. Mapatano yalikuwa mepesi: Mama Ngiri kalipa kodi ya masika yote, atakaa mpaka mvua iishe. Na mwenye nyumba akija, apige hodi.

Masika hayajafika katikati, Nyegere akamwendea Fisi. Akasema anatafuta chumba, kodi atalipa kwa asali. Asali, jamani. Fisi mate yakamfika magotini. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Ya mbele mmeiona. Ya nyuma tulieni.

Kumfukuza mama wa watu hawezi, mjumbe anajua mapatano. Sasa?

Siku ya kwanza Fisi akaja, akaezua nyasi za barazani. "Simfukuzi mtu," akasema. "Nachukua changu."

"Chukua, baba," Mama Ngiri akajibu. "Chako ni chako."

Siku ya pili akaja, akang'oa mafiga, chungu bado kiko juu. "Simfukuzi mtu. Nachukua changu."

"Chukua, baba. Chako ni chako."

Siku ya tatu akaja, akang'oa mlango. Akaubeba kichwani huku anapiga mluzi.

Mvua ikaingia ndani. Watoto wakaanza kukohoa. Na Chui naye, jirani mwema yule, akaanza kupita pale mara kwa mara kuuliza hali ya watoto. Mnamjua Chui akiuliza hali ya watoto.

Mama Ngiri akaenda kwa mjumbe. Fisi akaitwa, akaapa kwamba hajamgusa mtu, kachukua mali yake tu. Mama Ngiri akamwuliza kwa upole, "Na nikiweka mlango mwingine, baba?"

"Nyumba yangu," Fisi akasema. "Chochote kitakachoziba pale ni mlango wangu."

Kobe akatoa kichwa. "Umesikika," akasema. Akarudisha kichwa.

Mama Ngiri akarudi nyumbani. Akawatanguliza watoto ndani. Halafu akageuka, akaingia kinyumenyume, akaziba shimo lote kwa mwili wake, meno yake nje. Yale meno mnayajua. Akatulia kimya kama ubao.

Kesho yake mchana Fisi akamleta Nyegere. Akaligeuzia shimo mgongo, akaanza kuinadi nyumba: kavu, ina hewa, majirani waungwana. "Mlango huu mpya," akasema, "mgumu huo, hebu ona." Akausukuma kwa makalio.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo? Siku ile mkuki ulitoka kwa nguruwe.

Fisi alikimbia mpaka kwa mjumbe bila kugusa chini. Mama Ngiri akaitwa. Wanyama wakajaa. Kobe akamwambia Fisi akae.

"Nitasimama, mjumbe," Fisi akasema.

Akashtaki kwamba mpangaji kamchoma. Mama Ngiri akaomba kuuliza neno moja. "Baba mwenye nyumba, kilichokuwa pale mlangoni ni mlango, au ni mimi?"

Fisi akafungua mdomo.

"Ukisema ni mlango," Mama Ngiri akamwahi, "ni wako, ulisema hapa hapa. Aliyechomwa na mlango wake amshtaki seremala. Ukisema ni mimi, basi umeingia kwa mpangaji bila hodi. Tena kwa makalio."

Fisi akafikiri. Akafikiri tena. Akasema, "Lilikuwa dirisha."

Hata Kobe alicheka, na Kobe akicheka ujue atamaliza kesho kutwa. Fisi akaamriwa arudishe mlango, mafiga na nyasi, avibebe mwenyewe, na mama akae mpaka mvua iishe. Nyegere alikuwa keshaondoka, anakula asali yake njiani.

Tangu siku hiyo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, mlango uwepo usiwepo. Na Fisi hutembea kashusha makalio, anahofia milango.

Hadithi yangu nimewapangisha. Ikiwafaa, kaeni nayo. Isipowafaa nirudishieni, na mlango wake. Na mkija kwangu, pigeni hodi!

Hodi!

Nimelala.