Zimwi Aliyelamba Machozi ya Mize

Ngano imefika mlangoni, wanangu, ikaribisheni!

Bi Somoe ndiye aliyemwambia mkwewe Siwema: "Mtoto akilia, muite zimwi. Atanyamaza."

Siku ya kwanza mwanawe Mize alilia, Siwema akaita, "Zimwi, njoo!" Zimwi akaja kweli, ananuka kama ngozi iliyooza, akamlamba mtoto machozi. Mize akanyamaza. Siku ya pili akaitwa tena, akalamba tena, ute ukimning'inia kidevuni. Siku ya tatu Mize akakanyaga kaa la moto, akautazama mguu wake ukiungua, wala hakulia.

Siwema akaingiwa na hofu, akamwita zimwi. "Mrudishie mwanangu kilio chake!"

Zimwi akacheua. "Kwani nilijileta, mama? Haya, nakitapika. Utakikinga?"

Siwema akakinga viganja. Ukamwagika utelezi wa kijani, vuguvugu, wenye funza. Hakuondoa mikono. Papo hapo Mize akapiga ukelele: "Mama, mguu unauma!" Zimwi akatoweka.

Asubuhi yake Mize akaamka akilia. Siwema akaketi sakafuni, akampakata. "Unaogopa, mwanangu, au una hasira?"

"Nina hasira. Nimekukasirikia wewe."

"Haya," akasema Siwema, "niambie yote."