Konokono wa Mtoni Alivyopata Mlango

Sogeeni. Kaeni hapo juu ya mabomba, hayaendi popote, yanamngoja fundi kama mnavyomngoja ninyi. Na wewe mwenye hilo dude la chuma mkononi, litue chini, unajichosha bure. Nimewasikia mkibishana tangu asubuhi. Huyu anataka valvu kubwa na nzito kwa sababu inaonekana ya maana, yule anataka nyepesi kwa sababu ni rahisi kubeba. Kisha mgeni wenu ananiuliza kwa nini hapa Irondo valvu hiyo, ile inayoacha maji yapande na kuyazuia yasirudi, tunaiita jasi, wakati kwingine kote jasi ni pambo la sikioni. Haya, nitawaambia. Ila nikianza sikatizwi, na aliyevaa hereni azivue asikie vizuri.

Zamani hizo konokono wa mtoni hakuwa na mlango. Nyumba alikuwa nayo mgongoni, nzuri tu, lakini ilikuwa wazi mchana kutwa. Korongo alimdonoa humo humo ndani. Ruba waliingia bila hodi. Alichoweza kufanya, masikini, ni kujikunja mpaka mwisho wa nyumba yake na kungoja litakalomkuta. Kwa hiyo akawa kiumbe wa kusikiliza sana. Asiye na mlango hana budi kujua nani anakuja kabla hajafika.

Na zamani hizo hizo watu wa Irondo hawakujua kupumzika. Msijisifu, si kwamba walipenda kazi kuwashinda ninyi. Waliishi hapa juu kwa sababu bondeni kulikuwa na mbu na wavamizi, lakini mto ulikuwa kule kule mnakouona, chini kabisa. Basi wakaunganisha mianzi, mmoja ndani ya mwingine, wakaziba maungo kwa nta na ngozi, mpaka njia ya maji ikapanda mlima mzima. Chini mtoni wakaweka viriba viwili vya ngozi ya ng'ombe. Watu wawili walisimama juu yake wakakanyaga kwa kupokezana, huyu akishusha mguu yule anapandisha, na maji yakasukumwa mwanzini hadi kwenye ndiva, yaani lile bwawa letu la hapa juu. Mwanzi uliingilia kwenye kitako cha ndiva.

Najua mnachotaka kusema. Kwa nini wasiuingizie kwa juu? Walijaribu, na wao walikuwa na akili kama zenu. Mlima ulikuwa mrefu na miguu ya watu haikutosha kuyafikisha maji mpaka ukingoni. Wakaacha kitakoni.

Taabu ilikuwa moja tu. Miguu ikisimama, maji hurudi. Hayakurudi yale ya mwanzini peke yake. Yalishuka na kuivuta ndiva nzima nyuma yake, na kazi ya mwezi ikamwagika mtoni kabla hujamaliza kujifuta jasho. Hivyo ikawekwa sheria kwamba mguu haukai hewani. Anayekanyaga haondoki mpaka apokelewe. Watu walilishwa wakikanyaga. Wanawake walinyonyesha wakikanyaga. Kulikuwa na mtu aliyeolewa akikanyaga, na bwana arusi alisubiri pembeni mpaka akapatikana wa kumpokea.

Sasa ukaja mwaka wa kiangazi kibaya. Wenye nguvu walishuka tambarare kutafuta chakula, wakabaki wazee, wagonjwa na watoto. Kule mtoni walibaki wanawake wawili wa kukanyaga, Namkunda na wifi yake Nambike, na hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Walilala kwa zamu, wamesimama, mmoja akikanyaga viriba vyote viwili huku mwenzake amemwegemea begani.

Wakiwa katika hali hiyo, habari ikashuka mlimani. Aliyeileta alikuwa Mzee Sempombe, msimamizi wa maji, mtu wa sheria lakini si mtu mbaya. Alisimama kwenye jiwe, akakohoa, akasema, "Namkunda, mama yako hali yake si nzuri. Anakuulizia."

"Ananiulizia nini?"

"Anauliza kama umepata wa kukupokea."

 Namkunda alikuwa mtoto pekee wa mama yake. Alikanyaga, machozi yanamtoka, na wifi yake akalia naye, lakini hakuna aliyesimamisha mguu, maana ndiva ilikuwa imebaki na maji ya kufunika vifundo vya miguu tu. Yakirudi hayo, wagonjwa wote wa juu wamekwisha.

Ndipo Namkunda akasema neno ambalo halikuwahi kusemwa. "Mzee, kila nyumba ina mlango. Kwa nini mwanzi hauna? Utafutie mwanzi bawabu, akae mdomoni pale, maji yakipanda afungue, yakitaka kurudi afunge. Nikamwone mama yangu, nirudi."

Mzee Sempombe aliona ni neno zuri, akalifanya kwa namna ya kwetu. Huku kwetu anayeketi mlangoni ni mkubwa wa nyumba. Hawakuuliza nani anaifaa kazi hiyo. Waliuliza nani mkubwa, na mtoni pale mkubwa alikuwa kobe wa maji. Akaombwa kwa heshima zote, shikamoo nyingi, naye akakubali na kifua akakijaza. Wakamweka kwenye mdomo wa mwanzi, pale unapokutana na viriba.

Wanawake wakakanyaga. Kobe hakunyanyuka. Walikanyaga mpaka magoti yakatetemeka, ndipo akajiinua kidogo, maji yakapita kidogo, akakaa tena. Nguvu zao zote ziliishia kumbeba yeye. Halafu walipojaribu kusimama ili waone kama anafunga, kobe alianza kuwaza. Kobe hafanyi jambo bila kuliwaza. Alipomaliza kuwaza maji yalikuwa yamekwisha geuka, yanakuja mbio na uzito wa mlima mzima nyuma yake, na hapo ndipo akajiangusha. Puu! Mwanzi ukapasuka kutoka kiungo hadi kiungo. Wakauziba kwa nta na nguo ya Nambike huku Namkunda akikanyaga viriba vyote viwili, na Mzee Sempombe akamsindikiza kobe kwa adabu.

Akajitolea chura. Huyo alikuwa mwepesi, hana makuu. Ukikanyaga taratibu tu, anainuka na maji yanapita. Wanawake wakafurahi, loo, wakadhani wamepona! Lakini miguu ilipotulia, maji ya juu yakamlalia. Chura akavimba, akavimba, akapinduka, akachomoka kiribani kichwa chini miguu juu, na maji yakamfuata. Walirukia viriba wakakanyaga kama wendawazimu ndipo wakayazuia, na ndiva ilikuwa imepungua nusu. Chura akaenda zake, hakuaga. Macho yaliyomtoka siku hiyo hayajarudi mpaka leo.

Mzee Sempombe akavunjika moyo. "Mwanangu," akasema, "tuliache. Hakuna aliyeumbwa kwa kazi hii."

"Nipo," ilisema sauti. Ilitoka mwanzini. Konokono alikuwa akiishi hapo hapo kwenye mdomo wa mwanzi, amejibanza kwa ndani, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu hakuwa mkubwa wa chochote. "Nimeishi humu nikiyasikiliza maji. Kobe amengoja yageuke ndipo afunge, na yakishageuka huyawezi tena. Yafungie yanapochoka kupanda, kabla hayajakumbuka kushuka. Wakati huo mimi naujua, nausikia kwa tumbo. Ila mwili wangu ni laini kama wa chura. Nipeni kitu kigumu cha kuzibia, kiwe chepesi, kiwe duara, na kitoshe mdomo huu bila kubakiza nafasi."

Wakatafuta. Ubao ulivimba majini ukakwama. Kigae cha chungu kilikuwa kizito na kilimeguka ukingoni. Jani halikufaa hata kujaribiwa. Mzee Sempombe akapanda mlima kuuliza nyumba kwa nyumba, na nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake Namkunda.

Mama huyo alikuwa amelala karibu na ukuta wa nyuma, ambako mwanzi ulipita. Masikioni alivaa majasi mawili ya pembe, mapana kama kiganja cha mtoto, membamba, yenye duara ndani ya duara. Wanawake wa wakati ule walitoboa ncha ya chini ya sikio na kulipanua tundu tangu usichana, na jasi la pembe lilikuwa heshima ya mwanamke. Kila mwanamke alizikwa nalo. Kuzikwa na sikio tupu ilikuwa aibu kwake na kwa ukoo wake. Mzee Sempombe aliyaona, akayaangalia, akashindwa kusema. Akageuka aondoke.

Mama akamwita. "Umekuja kutafuta nini, Sempombe?"

Akamwambia. Yule mama akanyoosha mkono, akachomoa jasi la sikio la kulia.

"Ni la kuzikia, mama," Mzee Sempombe akamkumbusha.

"Najua ni la nini. Nikizikwa nalo na mwanangu hayupo, litanifaa nini? Mpelekee."

Lilipofika mtoni Namkunda alilitambua kabla halijafunguliwa kwenye kitambaa. Alitaka kukataa. Mzee Sempombe akamweleza alivyoambiwa, neno kwa neno, na Namkunda akasema konokono apewe. Konokono akalishika jasi kwa mguu wake, upande mmoja tu, ili upande mwingine uweze kuinuka. Wakalijaribu kwenye mdomo wa mwanzi. Lilitosha. Wakakanyaga polepole, likainuka bila ubishi, maji yakapita kwa wingi kuliko siku zote.

Lakini kukanyaga si kusimama. Hapo Mzee Sempombe akaogopa, na mimi simlaumu. Maji yaliyobaki juu hayakustahimili jaribio jingine. "Na likishindwa?" akauliza.  Namkunda aliangalia mlimani, akaangalia miguu yake, na miguu ikaendelea yenyewe, ilikuwa imesahau namna ya kusimama.

Nambike ndiye aliyesimama kwanza. Alishuka kwenye kiriba chake, akamshika wifi yake kiunoni, akamshusha. "Nenda, wifi," akasema. "Maji yakirudi, nitawaambia niliyechoka ni mimi."

 Wote watatu wakainama na kutega masikio kwenye mwanzi. Wakayasikia maji yakichoka kule ndani, yakipunguza mwendo, yakisita.

Tk.

Ikawa hiyo tu. Hapakuwa na puu, wala mwanzi haukutikisika. Maji yalisimama mlima mzima, kuanzia pale hadi kwenye ndiva, na hakuna mguu uliokuwa ukikanyaga. Mzee Sempombe alikaa chini majini na nguo zake.

Namkunda alipanda mlima huu kwa mbio, hakupitia njia, alifuata mwanzi. Alipoingia alimkuta mama yake ameegemeza kichwa ukutani, sikio lake tupu limegusa mwanzi.

"Nimesikia uliposimama," mama akasema. "Nikajua unakuja."

Wakakaa. Alimwosha, akamlisha uji, wakaongea mambo yao ambayo hayatuhusu. Alipofariki, mwanawe alikuwa amemshika mkono, na alizikwa na jasi moja. Hakuna aliyeona aibu. Namkunda aliporudi mtoni akamkuta wifi yake amelala chali juu ya nyasi, anakoroma, ndiva imejaa, na konokono yuko mlangoni pake.

Alimwambia konokono, "Jasi ni lako." Naye akalichukua, akawarithisha wanawe na wajukuu. Nendeni mtoni mkamwokote mmoja. Mguseni. Atajikunja, na mlangoni ataweka kitu chembamba cha rangi ya pembe, chenye duara ndani ya duara. Halafu mwokoteni yule wa shambani, ndugu yake, aliyekuwa bustanini akila mboga za watu siku ile ya shida. Huyo mpaka leo nyumba yake iko wazi.

Kuhusu hilo dude lenu la chuma, mimi sijui chuma. Ila mkiniuliza lipi ni zuri, nitawauliza kwanza nani anayekanyaga, ana nguvu kiasi gani, na maji yatakayomlalia yana urefu gani. Pampu yenu ni ndogo na mlima ni mrefu. Msimpe kobe kazi, mtatumia dizeli yote kumbeba yeye, na usiku mmoja atawapasulia bomba. Msimpe chura. Mtafuteni anayeinuka kwa msukumo mdogo na kufunga kabla maji hayajageuka. Mkiliweka, msiondoke mpaka mtege sikio.

Na tangu siku hiyo, hapa Irondo, miguu ikisimama, na siku hizi mashine ikizimwa, hakuna anayesema kitu. Sote tunangoja. Tukishasikia ile tk, anayesimamia anamgeukia mwenzake aliyefanya kazi naye, awe kijana au mtu mzima, awe na mama au amekwisha mzika, na anamwambia maneno yale yale:

"Haya, nenda kamwone mama."